Futa kwa Wote

Watu huniita Mama Mkaa, na silikatai jina hilo, maana mkaa uliwasomesha wanangu kabla haujanisomesha mimi. Nilijiunga na darasa la watu wazima nikiwa tayari nina wajukuu. Walionicheka niliwaambia elimu haina mwisho, wakacheka zaidi, nikawaacha na meno yao nje. Darasa lenyewe lilikuwa nyuma ya zahanati, katika chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu. Tulikalia madawati ya watoto wadogo, magoti yametukaribia kidevuni, na mtu akitaka kutoka ilibidi jirani yake atoke kwanza.

Jirani yangu alikuwa Dobi. Alifua mashuka ya nyumba za wageni, kwa mikono, uani kwake, na sabuni ilikuwa imezilamba ncha za vidole vyake mpaka simu ikawa haizitambui. Ilibidi afute mkono kwenye gauni, apulize vidole, abonyeze, apulize tena. Vyangu mimi vilikuwa vyeusi kwa vumbi la mkaa. Mwalimu alituambia tukishikana mikono labda tutapata mkono mmoja wa kawaida, nasi tukacheka, kwa sababu alikuwa na haki ya kututania. Alikuwa binti mdogo, rika la kitindamimba wangu, na hakuna siku aliyotuonyesha kwamba sisi ni wajinga.

Yeye ndiye aliyeleta mambo ya simu. "Kila mmoja wenu ana simu," alisema, "basi chaki ikiisha si hoja." Akafungua grupu la darasa. Kila alasiri alipiga picha ukurasa wa kitabu akautupia humo, na kila mtu huko aliko, sokoni, gereji, jikoni, ausome kwa sauti, ajirekodi, atume. Aliyesoma vizuri alipewa dole gumba. Aliyekwama alisahihishwa taratibu. Mimi nilinuna. Kwangu simu ilikuwa ya kupigia na kupigiwa, basi. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: njia ile ilifanya kazi. Watu waliokuwa wakiona haya kusoma mbele ya wenzao walijifungia peke yao wakasoma, wakatuma, na tuliwasikia ndimi zikinyooka.

Kulikuwa na sheria moja tu, nayo ilikuja kwa machozi. Mwanamume mmoja alichukua simu ya mama muuza nyanya ili amwonyeshe pa kubonyeza, akabonyeza sivyo, ikafutika picha pekee ya marehemu baba yake yule mama. Tukamlilia mzee wa watu mara ya pili. Siku hiyo Mwalimu aliandika ubaoni kwa herufi kubwa, nasi tukaitikia kwa pamoja kama watoto wa chekechea: usiguse simu ya mwenzako, usifungue, usifute, hata kwa kumsaidia, kilichomo ni mali yake. Dobi aliishika sheria hiyo kuliko sisi sote. Nilipomwomba siku moja anishikie simu nifunge kiatu, aliipokea kwa pindo la nguo, asije akagusa kioo.

Mwingine wa kumjua ni Seremala. Bwana huyu tulimpenda, nisiseme uongo. Ndiye aliyeyatengeneza madawati yetu yaliyovunjika bila kudai chochote. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuona ugomvi akapita. Angevuta kigoda, akae katikati, aseme "haya, toeni ya moyoni," na haondoki mpaka mmeshikana mikono. Kama mlishikana kwa mapenzi au kwa kuchoshwa naye, hilo halikumhusu.

Sasa Seremala alikuwa mjomba wa dereva mmoja wa lori, na dereva huyo ndiye aliyemwoa mdogo wake Dobi.

Sitamung'unya maneno. Dereva yule alikuwa anampiga mkewe. Alimpiga akiwa hajalewa, kwa utaratibu, halafu akaenda kuoga. Mara ya mwisho alimvunja mkono kwa mlango wa jikoni, mtoto wao akitazama, kisha akatoka uani akatangaza majirani wasikie: "Akithubutu kunikimbia, nikimpata hatakuwa na miguu ya kukimbilia tena." Polisi walimwambia mwanamke akayazungumze kifamilia. Familia ndiyo Seremala, na Seremala akavuta kigoda, akawashikanisha mikono, yeye mwanamke akitoa ule mzima. Dereva aliposafiri na lori lake, mkewe akambeba mtoto akakimbia.

Mahali pa kwanza dereva kumtafuta palikuwa kwa Dobi. Alipindua mabeseni, akachungulia uvunguni, akafunua mashuka ya watu yaliyokwisha kunyooshwa. Hakukuta mtu. Akaomba radhi kwa adabu zote, akaondoka. Baada ya hapo ndipo Dobi akamtoa mdogo wake alikokuwa amemhifadhi, akamwingiza kwake. Palipokwisha kupekuliwa, aliniambia, hapapekuliwi tena. Aliniambia mimi peke yangu, tena kwa kulazimika, maana nilipompelekea mkaa niliona ndala ndogo za mtoto mlangoni.

"Umeona nini, Mama Mkaa?" aliniuliza, amesimama mbele ya zile ndala.

"Nimeona gunia langu zito na hakuna anayenipokea."

Akanipokea gunia, akaniingiza ndani, nikamwona mdogo wake na bendeji yake. Mpango ulikuwa huu: bendeji ikitoka, mama na mtoto wapande basi waende mbali, kwa rafiki mwenye cherehani na chumba cha ziada. Kilichobaki kilikuwa kungoja mfupa uunge, na kumnyamazisha mtoto.

Na mtoto mwenyewe sasa! Tulimwita Chiriku, jina alilopewa kwa haki. Alikuwa hajafika umri wa shule na mdomo wake ulikuwa haujui kupumzika. Kumfundisha kunong'ona ilikuwa kazi, lakini alijifunza, na jambo hilo liliniuma kuliko mkono wa mama yake. Mtoto anakwambia "shikamoo, bibi" kwa kunong'ona, nawe unajikuta unamwitikia marahaba kwa kunong'ona. Starehe yake ilikuwa masomo ya Dobi. Dobi akianza kusoma, Chiriku huja kukaa karibu na miguu yake, amefunga mdomo kwa viganja viwili, anasikiliza.

Siku yenyewe ukurasa ulikuwa unahusu maji ya kunywa. Dobi alikaa kwenye kigoda ndani, akafuta vidole, akapuliza, akashikilia ile alama ya kipaza sauti. Ujumbe ule nimeusikia mara nyingi kuliko ninavyotaka. Anaanza vizuri, neno kwa neno: maji ya kunywa yachemshwe, yafunikwe, yaachwe yapoe. Halafu anaingia Chiriku kwa sauti yote aliyopewa na Mungu: "Mama mkubwa! Mama anasema sabuni ya mche imeisha!" Halafu sauti ya mama yake, kutoka chumba cha ndani: "We Chiriku, hebu mwache mama mkubwa asome!" Dobi akashindwa, akacheka. Wakacheka wote watatu. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu waliojisahau kidogo. Na katika kucheka, kidole kikaachia.

Ukiachia, inakwenda. Hilo tulilijua sote, ndilo lilikuwa la kwanza kufundishwa.

Yaliyofuata alinieleza mwenyewe baadaye. Akaushikilia ujumbe ule kwa kidole kama tulivyoelekezwa, simu ikamwuliza: afute kwa wote, au afute kwake tu? Akasoma. Angekuwa bado hajui kusoma angekimbia na simu mpaka kwangu, lakini alijua, na alisoma mistari yote miwili sawasawa. Kisha akafikiri, kwa sababu ni mtu wa kufikiri. Kufuta kwa wote maana yake nini? Ni kuingia kwenye simu ya Mwalimu, ya muuza nyanya, ya Mama Mkaa, bila hodi, na kuondoa kitu humo. Je, akiondoa na visivyo vyake? Je, ikifutika picha ya marehemu wa mtu? Mali yake yeye ilikuwa kwenye simu yake. Akafuta ya kwake. Sauti ikatoweka machoni pake, naye akamshukuru Mungu. Akamfungia Chiriku chumba cha ndani na mama yake, akasoma upya, akatuma, akapata madole gumba chungu nzima. Aliniambia usiku ule alilala vizuri. Alilirudia hilo, kwamba alilala vizuri.

Mimi simu yangu ilikuwa kibandani kwa mchajishaji, maana kwangu umeme ulikatika. Niliichukua kesho yake njiani kwenda darasani. Nikaketi, nikaiwasha, ikaanza kulia mfululizo. Mwalimu alikuwa bado anafuta ubao. Nikaiweka sikioni nisiwakere watu, nikasikiliza masomo ya wenzangu moja baada ya jingine, mpaka nikafika kwa Dobi. Dobi alikuwa ametuma mara mbili. Nikasikiliza ya kwanza, nikairudia.

Nilimgeukia. Alikuwa amevaa gauni lake la darasani, amejipaka mafuta, yuko radhi na dunia.

"Dobi," nikamwambia chini kwa chini, "jana umetuma mara mbili?"

"Ya kwanza iliharibika. Nikaifuta."

"Mbona kwangu ipo?"

Alitabasamu. Alidhani namtania, kwa kuwa kumtania ndiyo ilikuwa desturi yangu. "Acha mizaha, Mama Mkaa. Nimeiona inafutika kwa macho yangu haya."

Nikamwekea simu sikioni. Alisikiliza yote, mpaka mwisho, mpaka kwenye kicheko. Halafu akasimama, na kwa kuwa mimi nilikuwa sijasimama, dawati likainuka naye, likapinduka, tukaanguka nalo mimi na madaftari. Darasa zima likageuka.

"Nani anayo?" aliuliza. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na sauti ilimtoka vibaya. "Sauti yangu ya jana, yenye mtoto. Nani anayo?"

Watu wakatoa simu. Muuza nyanya alikuwa nayo. Fundi wa gereji alikuwa nayo, akasema hata mkewe aliisikia na walicheka sana, mtoto mtamu kweli. Mwalimu alikuwa nayo. Mmoja mmoja waliinua simu zao kumwonyesha, wengine wanatabasamu, kwa sababu kwao ilikuwa ni mtoto na sabuni tu.

"Lakini mama," Mwalimu alisema, "ulitakiwa ubonyeze ile ya kufuta kwa wote."

"Kwenye simu za watu?"

Mwalimu akautazama ubao. Nilimhurumia na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa wakati mmoja. Dobi hakungoja jibu. Macho yake yalikuwa kwenye dawati la dirishani, lile ambalo Seremala alijitengenezea kwa kipimo cha miguu yake mirefu. Lilikuwa tupu. Seremala hakukosa darasa hata mvua inyeshe mawe.

"Asubuhi alikuwa hapa zahanati anarekebisha mlango," muuza nyanya akasema. "Alikuwa anaongea na simu. Amefurahi huyo!"

Dobi akapiga simu ya mdogo wake. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena huku anatoka, na mimi nikatoka nyuma yake, na Mwalimu nyuma yangu na viatu vyake vya visigino virefu. Tulipita gereji, tukapita bombani watu wakiwa kwenye foleni ya maji, tukakata uchochoro wa mashine ya kusaga. Mimi si mtu wa mbio. Nilikimbia nikimtukana dereva, nikimtukana Seremala, nikiitukana na simu iliyokuwa mkononi mwangu, na pumzi iliyobaki niliwaomba watu watufuate. Wachache walitufuata, kwa kutaka kuona.

Gari dogo jeupe lilikuwa mbele ya nyumba ya Dobi, vioo vimepandishwa. Kwenye kiti cha mbele alikuwa amekaa Chiriku, peke yake, amefungwa mkanda, ameshika simu kubwa ya baba yake, katuni zinarukaruka. Jirani mmoja akatuambia kwa kunong'ona kwamba aliyepiga hodi alikuwa Seremala. Mtoto akaijua sauti ya babu yake, akakimbilia kufungua. Nilivuta kitasa cha gari, hakikufunguka. Nikagonga kioo. Chiriku akainua uso, akaniona, akanigeuzia simu nami nione katuni. Alikuwa anapiga kelele za furaha humo ndani, "Bibi, ona! Bibi, ona!" na kwa ule unene wa kioo ilinifikia sauti ndogo tu.

Ndani, Seremala alikuwa amekaa kwenye kigoda, katikati ya chumba. Dereva amesimama mlangoni mwa chumba cha ndani, shati limenyooshwa, begi la mkewe liko begani kwake kama mwanamume mwema anayemsaidia mke mizigo. Mdogo wake Dobi alikuwa anajifunga kitambaa kichwani kwa mkono mmoja, na kilikuwa hakifungiki.

"Shikamoo, shemeji," dereva akasema.

Dobi akampita, akasimama mbele ya kigoda.

"Itikia, mwanangu," Seremala akasema. "Salamu ni ya Mungu."

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Nimefanya jambo la heri." Na wallahi uso wake ulikuwa unang'aa. "Nilisikia anavyocheka. Nikarudia kusikiliza. Nikajiambia, mtu mwenye kinyongo hacheki hivi, huyu moyo umeshalainika, ila anaona aibu kurudi. Nikamrushia mpwa wangu naye asikie. Amelia, mwanangu. Mwanamume mzima, amelia kwenye simu."

"Alimvunja mkono."

"Na ameahidi. Ameahidi mbele yangu. Mambo ya mke na mume, sisi wengine tukiyaingilia tunakuwa wabaya bure."

"Na wewe uliyekalia kigoda katikati ya chumba cha watu," nikamwambia, "umeingilia wapi?" Nilimwambia na mengine ambayo siyaandiki. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemngoja mgonjwa amalize kukohoa.

Mwalimu akasogea mbele. Alisema anawaita polisi sasa hivi. Dereva akamgeukia kwa upole. "Waite, Mwalimu. Namba unayo?" Mwalimu akawa anahangaika na simu yake, na dereva akamtajia namba ya kituo mwenyewe, kwa kichwa, akaongeza na jina la mkubwa wa zamu. Mwalimu akapiga. Wakamwambia kama hakuna damu wayamalize wenyewe.

Dobi alikwenda akamshika mdogo wake mkono ule mzima. "Huendi," alisema. "Mimi ndiye mkubwa wako. Nimesema huendi."

"Dada."

"Watu wote hawa wako nje. Atakufanya nini mbele ya watu? Kaa hapa hapa. Kaa chini."

"Dada, mtoto yuko garini."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemkumbusha mtu jiko linaungua. Dereva alikuwa anachezea ufunguo wa gari mkononi, hatuangalii. Nilimwona Dobi akielewa, na nilielewa naye, na hata wale waliokuja kutazama walielewa, kwa sababu pale nje minong'ono ilikoma. Mwanamume akiingia kwenye lile gari peke yake akaondoka na mtoto, ni nani angemfuata? Kwa sheria ya nani? Mtoto ni wake. Mkono wa Dobi ukalegea wenyewe.

Mdogo wake akamsogelea, akamwegemeza paji la uso begani, na mimi nilikuwa karibu vya kutosha kusikia. "Usinipigie," alimwambia. "Simu ameshaichukua. Ukipiga atapokea yeye, na nitakuwa nimekosa mimi."

Wakatoka. Dereva akamfungulia mkewe mlango wa nyuma, akamshika kiwiko asije akajigonga kichwa. Mwanamke mmoja wa pale uani akasema, "Si mnaona lakini, anampenda." Gari likarudi nyuma taratibu, likageuka, likaenda. Chiriku alikuwa bado ameinamia simu.

Seremala alitoka na kigoda, akakirudisha pale pale alipokikuta, kando ya mabeseni. Akamnyooshea Dobi mkono. Mkono ukakaa hewani. "Leo una hasira," akamwambia, bila ubaya wowote. "Utakuja kunishukuru." Akaondoka kwa miguu, mwendo wa mtu aliyefanya kazi akaimaliza.

Tulibaki watatu uani. Mashuka yalikuwa yamelowekwa tangu asubuhi, povu limeshakufa juu ya maji. Mwalimu alikaa chini kwenye saruji iliyolowa na sketi yake nzuri, analia, anasema kesho ataenda ofisi ya ustawi wa jamii, ataenda kwa mkuu wa mtaa, ataandika barua, hatalala. Mimi nililia kwa hasira, na hasira yangu haikuwa na mahali pa kwenda. Ningetaka kumchukia Seremala, lakini nilikuwa nimemwona uso, na uso ule haukuwa na uovu hata kidogo, na hicho ndicho kilichonitisha. Dereva tulijua namna ya kumkimbia. Huyu mwingine tulikuwa tumemwita sisi wenyewe aje atutengenezee madawati.

Jua lilikuwa halijashuka bado simu ya Dobi ilipolia mfukoni mwake. Aliruka. Kwa sekunde ile nadhani aliamini ni mdogo wake. Akafuta mkono kwenye gauni, akapuliza vidole, akabonyeza, akapuliza tena.

Lilikuwa grupu la darasa. Seremala, ambaye siku zote alituma sauti, maana kuandika kulimshinda, safari hii alikuwa ameandika. Nilichungulia nikaona jina lake, nikanyoosha mkono niichukue ile simu.

"Niachie," Dobi akasema. "Ni simu yangu."

Akaiweka mapajani. Akapitisha kidole chini ya maneno, pole pole, akasoma kwa sauti kama anavyosoma siku zote, na hakukwama hata mahali pamoja: "Leo tumemrudisha mke kwa mumewe. Nyumba imepona. Tumshukuru Mungu."

Chini yake madole gumba yalikuwa yameanza kuingia, ya wale waliokosa darasa siku ile na hawakujua kitu. Halafu mikono ya kusali. Halafu mtu akaandika Amina, nalo akalisoma.

Kisha akaniinulia uso.

"Nimesoma sawa?" akaniuliza.

Nikamwambia amesoma sawa.